R na E

Baba alichora ubao wa kituo cha maziwa, Tukuyu,
yeye juu ya ngazi ya mianzi, mimi chini
na kopo la rangi ya buluu
na kitambaa kilicholowa mafuta ya taa.
Ubao ulitakiwa uwe wa Kiingereza
maana wageni wanakuja, na mgeni hapewi lita,
mgeni hutafutiwa lita ya kwao.

Karatasi ya mwenyekiti ilisema R mbele, E nyuma.
Tangi lenyewe, la chuma, la kutoka mbali zaidi,
lilipigwa muhuri tumboni: E mbele, R nyuma.
Baba akatazama karatasi, akatazama tangi,
akashuka vipandio vitatu.
"Subilaga, wewe ndiye uko darasa la sita. Ipi?"

Nikasema mwalimu Mwasomola alinikata alama
kwa kuitanguliza E.
Nikasema pia, jalada la nyuma la daftari langu
lina jedwali la vipimo, na humo E imetangulia,
na daftari hilo
mwalimu Mwasomola ndiye anayetuuzia.

Alicheka mpaka ngazi ikatikisika.
Akaandika R. Mwenyekiti akapita, akasema sawa.
Mhasibu akapita, akasema sivyo,
wenye tangi ndio wenye pesa.
Kitambaa. Mafuta ya taa. E.
Katibu naye, aliyekaa Lusaka miaka miwili
na hakuacha kutukumbusha: R.
Kisha mvua ya Tukuyu, isiyoulizaga ratiba ya mtu,
ikanyesha kabla rangi haijashika.

Asubuhi hiyo mama Tupokigwe alikuwa kwenye foleni
na dumu la njano lililowahi kuwa la mafuta ya kula,
mdomo ameuziba kwa jani la mgomba.
Akauliza huko juu kunabishaniwa nini.
Nikamjibu: herufi mbili, nani akae mbele.
Akasema, "Maziwa yanachacha."

Lita yetu sisi inaishia na A. Mita, A.
R na E tuliwaacha wote wawili nje ya mlango
tukaendelea kukamua.

"Zinabadilishana viti tu," baba alisema akiosha brashi.
"Tangi halijui kusoma.
Watu wakibadilishana viti, chakula hakipungui."
Neno hilo nililiamini
miaka kumi na tisa.

Sasa nipo Kiwira, baba, kwenye ghala la maparachichi,
napokea mikataba na kugonga mihuri,
na juzi nimelisoma neno la tani.
Kwetu tani ni tani.
Kwao ina maandishi mawili,
na safari hii hakuna aliyebadilisha kiti:
N moja imeondoka, E imeondoka,
na zilipotoka mlangoni
zilikuwa zimebeba kilo tisini na tatu.
Bei imepangwa kwa ile fupi.
Mizani yetu inapima ile ndefu.
Nilipiga hesabu mara tatu, kisha kwa vidole:
makreti manne na zaidi ya nusu katika kila tani,
jasho la Gwamaka wa Isongole
na punda wake anayechechemea,
limo ndani ya herufi mbili
ambazo mtu angedhani ni uvivu wa mpiga chapa.

Sikusema umekosea. Lita ulikuwa sahihi.
Nilitamani tu uwepo, na kitambaa chako.

Ubao bado unaning'inia. Buluu imebanduka
na mikono yako yote imejitokeza kwa pamoja,
R imechungulia nyuma ya E,
E imekaa mapajani mwa R,
huwezi kujua ipi ulianza nayo.
Kituo kilishahamia barabara kuu.
Tangi wanahifadhia mahindi.

Pembeni mwa mkataba, kwa kalamu nyekundu,
nimeandika: *Tani ipi?*
Mwandiko ni wako.
Jibu halijaja.
Maparachichi yanaanza kulainika.