Safu ya Tatu

Safu ya tatu ya daftari la chanjo inasema: Aina.
Tangu saa mbili asubuhi naijaza neno moja,
kienyeji, kienyeji, kienyeji,
na chini yake alama za kurudia, kama nyayo za kuku,
maana Igogo yote imeteremka na mbwa wake
kwa kamba za manila, kwa mikanda, kwa vipande vya nyavu,
na mmoja kabebwa kwenye ndoo ya dagaa, kichwa nje.

Kisha mlango wa gari ukafunguliwa.
Capri Point nayo ina mbwa.
Akashuka Kaiza, Mjerumani, mgongo umeinama kama paa la banda,
na nyuma yake kitu cheupe, pamba ya mto uliopasuka,
ambacho Bi Nshoma alikiita Lulu
na Dokta Lugwisha akauliza, kwa heshima zote,
kichwa kiko upande gani.

Tukacheka. Lulu hakucheka.
Alikwenda moja kwa moja kwenye mkia wa Sijali,
mbwakoko wa Sayi, sikio moja, mbavu za kuhesabika.
Wakanusana, wakazunguka, wakazunguka tena,
kama watu wa ukoo mmoja waliokutana msibani:
Wewe ni wa nyumba ya nani?

Sayi ana miaka tisa na hana swali dogo.
"Dokta, babu yao ni mbweha?"
Kwa mjomba wake Lamadi amewaona, jioni, nyuma ya zizi:
masikio haya haya, pua hii hii, wizi huu huu.

Dokta alikuwa anavuta dawa kwenye sindano.
Mbweha wa mgongo mweusi ni jirani, alisema,
sura zimefanana, damu ziliachana zamani mno.
Hata yule mbwa mwitu wa madoa, wa masikio ya mviringo,
yuko karibu kuliko yeye. Ila naye
mhesabu vidole vya mguu wa mbele: vinne.
Haya, hesabu vya Sijali.

Sayi akahesabu.
Akakifikia cha tano, kile kidogo kinachoning'inia juu,
akakishika kama sarafu aliyoiokota mchangani.

Babu yao aliishi kwenye baridi, huko kwenye theluji.
Hakuwahi kuyaonja maji ya ziwa hili
wala kuona jiwe lililopanda juu ya jiwe.
Labda alisogelea moto wa watu akifuata mifupa,
labda watu ndio waliomfuata;
siku hiyo hapakuwa na mtu mwenye daftari.
Mengine ni kazi yetu: huyu tukamfupisha miguu,
huyu tukamrefusha manyoya hadi macho yakapotea,
huyu tukampa hasira ya kulinda geti.
Sijali hatukumtengeneza.
Alitengenezwa na njaa, na mawe ya watoto,
na vichwa vya sangara.

Mimi mama yangu ni wa Ukara, baba ni wa Bunda,
na bibi mmoja alikuja na mtumbwi kutoka upande ambao hakuutaja.
Fomu ya shule iliniachia nafasi ya neno moja.
Sikumbuki niliandika nini.

Hapo ndipo kivuko cha Kamanga kilipopiga honi.
Kaiza alianza. Akainua koo, akafumba macho.
Sijali akapokea, kisha wa kwenye ndoo, kisha kamba zote, nyavu zote,
na Lulu, jamani, Lulu mwenye utepe kichwani,
akatoa sauti ndefu isiyomtosha kifuani,
sauti ya mahali penye giza na miti mingi
ambapo Bi Nshoma hajafika, wala mimi, wala yeye.

Honi ilinyamaza. Wao waliendelea kidogo.

Namba sitini na nne. Jina: Lulu. Rangi: nyeupe.
Kalamu ikasimama kwenye safu ya tatu.
"Andika uzito," Dokta akasema, "watu wanangoja."