Kunazi za Nirupoma

Mwalimu Tapan aliichora seli kwa chaki ya buluu,
duara iliyopinda, maana ubao ulikuwa na ufa,
akasema utando huu ni mlango wenye bawabu:
maji hupita, chumvi hubaki nje ikigonga.
"Na maji hayasukumwi na mtu. Huelekea yenyewe
kule kwenye chumvi nyingi. Andikeni: osmosisi."
Tukaandika. Dirishani mbuzi wa jirani
alikuwa anatafuna ratiba ya mitihani.

Mama hakulijua neno hilo.
Alizitoboa kunazi kwa sindano ya magunia,
moja moja, akazinyunyizia chumvi,
akazianika juu ya bati.
Jioni sinia lilijaa maji ambayo hakuna aliyeyamimina,
na kunazi zilikunjamana kama vidole vya mfuaji.
"Zimelia," alisema.

Mwaka ule tufani ilivunja tuta la mto Kholpetua.
Bahari ikaingia shambani bila hodi,
ikakaa siku kumi na moja.
Tulipanda tena. Mpunga ukasimama majini hadi magotini
ukafa kiu.
Ncha zikawa rangi ya chai, kisha za karatasi.
Baba aliufokea kama mtoto mkaidi:
"Maji si hayo? Kunywa!"
Ni mimi niliyejua, na kujua hakukunisaidia kitu:
shamba zima lilikuwa sinia,
udongo ndio uliokuwa ukiinywa mizizi.

Kisha Bithi akaanza kuharisha.
Umri miaka miwili. Macho yalizama;
ukiifinya ngozi ya tumbo, inabaki imesimama
kama hema dogo.
Maji matupu tuliyompa yalipita tu,
abiria wasioshuka.
Husemwa yakimwagika hayazoleki.

Mama akachemsha maji, akayapoza,
akatia chumvi ya vidole vitatu
na konzi ya sukari guru.
Chumvi ileile! Nilitaka kumdaka mkono.
Akaonja kwanza. "Isizidi machozi," akasema.
Kijiko. Ngoja. Kijiko.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba ya Khulna,
nilisoma kilichotokea usiku ule:
sukari iliishika chumvi mkono mlangoni pa utumbo,
bawabu akawapitisha wote wawili,
na maji, yasiyojua kubaki nyuma ya chumvi,
yakawafuata ndani.
Usiku wenyewe niliona kijiko tu,
na mkono wa mama usiotetemeka.
Kabla ya alfajiri Bithi alikojoa,
akailowesha sari yote,
nasi tukacheka kama wendawazimu.

Masika mawili yalipita juu ya shamba.
Kila mara mama aliinama, akachota udongo kwa ncha ya kidole,
akauonja, akautema.
"Bado."

Leo ameonja. Amekaa kimya
mpaka baba akaacha kunoa jembe.
Hakutema.
Ameingia ndani, namsikia akiburuta vitu,
anatafuta gunia la mbegu.