Mkate Usio na Chumvi

Tanuri letu, hapa Nadzaladevi, huitwa tone,
ingawa ndani hamna hata tone la maji:
ni shimo la udongo, kina chake kimo cha mtu,
na mwokaji hukunja kiuno
akazamisha kichwa na mabega motoni
kulibandika donge ukutani.
Miaka kumi na tisa nimefanya hivyo.
Kwa pumzi tano, kila mkate,
hakuna anayeuona uso wangu.

Nayasema haya mapema
mjue nilikuwa na pa kujifichia.

Maana nikiinuka nilikuwa Zurabi wa dirishani,
Zurabi wa mizaha:
"Miwili ya moto, shangazi, na mmoja wa kutafuna njiani!"
Macho mekundu? Moshi.
Mikono yatetemeka? Magunia.
Umekonda, Zurabi. Mke wangu hajui kupika!
Na Tsira, ajuaye kupika, akacheka pamoja nao,
usiku akafunika sahani niliyoiacha imejaa.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema.
Lakini maradhi gani? Sikukohoa.
Sikuwa na homa, wala jeraha la kuonyesha.
Nilikuwa na alfajiri tu,
iliyonikalia kifuani saa kumi juu ya alama
ikaniuliza: Unaamka kwa ajili ya nani?
Nami nikaamka kwa ajili ya unga,
kwa kuwa hamira haimsubiri mtu.

Chumvi ndiyo iliyonisaliti.
Jumatatu moja ya Machi nilisahau kuitia.
Jumanne vilevile. Jumatano
mtu akaurudisha mkate, akaubwaga dirishani:
"Hii ni pamba!"
Nikacheka. Nikamrudishia lari yake.
Kisha nikaliinamia tanuri
bila donge mkononi,
nikakaa humo
zaidi ya pumzi tano.

Bibi Eteri ndiye aliyehesabu.
Alikata tiketi kwenye basi la umeme maisha yake yote,
amezoea kuhesabu wanaopanda
na wasioshuka.
Akapitia mlango wa nyuma, wa magunia,
kopo la chumvi kwapani.
Hakuniuliza, Una nini?
Aliketi juu ya gunia, akapangusa goti, akasema:
"Mwaka aliokufa Guram wangu
nilitia sukari kwenye supu ya maharage miezi miwili.
Nikaila. Sikujua.
Wewe, mwanangu, ulijua?"

Sikujua.
Nikalia kilio kisicho na staha, kamasi na unga,
mkate mmoja ukaanza kuungua ukutani,
wa kwanza katika miaka kumi na tisa,
nikataka kuukimbilia.
"Acha uungue," akasema.

Alhamisi akanipeleka.
Ngazi za metro yetu hushuka hadi tumboni mwa mlima;
alinishika mkono wa koti njia nzima
kama mtoto anayeweza kupotea,
nami nikamwacha anishike.
Daktari Lela alikuwa kijana kuliko nilivyotaka.
Dakika arobaini nikamweleza habari za unga,
upi hunywa maji, upi huyakataa,
gunia gani lina kokoto.
Aliandika yote. Mwishoni akauliza,
"Na kabla hujawasha moto, unawaza nini?"
Nikavitazama viatu vyangu.
Nikamwambia.

Siwezi kusema nimepona.
Vidonge hunikausha mdomo,
na alfajiri bado huja, huketi,
japo siku nyingine huketi ukingoni mwa kitanda.
Tsira nilimwambia jikoni, bomba nikiliacha wazi
ili maneno yasisikike sana.
Akalifunga.
"Sema tena," akasema.

Eteri bado huja saa mbili.
Huvunja ncha ya mkate palepale dirishani,
hutafuna taratibu, akinitazama usoni.
Leo kasema chumvi imezidi.