Basi Namba 41

Saa nne za usiku vituo vimefungwa.
Sisi vibarua wa hesabu tumeketi
katika ukumbi wa michezo wa Rochdale,
meza zimesimama juu ya mistari ya badminton
na kidole gumba changu kimevaa kofia ya mpira.

Mchana napika chakula cha shule.
Usiku huu nimeapa kutunza siri.

Sanduku linamwagwa. Karatasi zinachakarika
kama mchele kwenye ungo,
nasi tunapeta: huyu huku, yule kule,
ishirini na tano, funga, ishirini na tano, funga.
Wino wa alama ya mkasi hauna mwandiko.
Huenda kura yangu mwenyewe imepita hapa mkononi
nisiitambue.

Kufikia saa saba
rundo la chama tawala limedumaa.
Wakala wao, tai imelegea, anahesabu kwa macho,
anaanza upya,
kama mtu anayepapasa mifuko akijua
pochi imeshaibwa.

Kisha zinaletwa zilizoharibika.
Msimamizi anaziinua moja moja chini ya taa:
mmoja amechora pipa la taka na nzi wake watatu,
mmoja ameandika HAKUNA, akakata majina yote kwa rula,
mmoja, kwa herufi za mtu mzima anayetetemeka:
*Mama alingoja gari la wagonjwa saa tisa, sakafuni.*
Mwingine maneno mawili tu:
*Basi 41.*
Imekataliwa. Imekataliwa. Imekataliwa.
Waliosema wazi kuliko wote
wamehesabiwa kwamba hawakusema.

Na kati ya kila mia, sabini na moja hawakuja.
Hao hawana rundo.
Ningewafunga kwa raba gani?

Diwani Maureen Entwistle amesimama karibu na ngazi za kukwelea
na sweta lake la rangi ya haradali.
Miaka ishirini na miwili. Kivuko cha watoto pale shuleni
alikipigania yeye, barua kumi na nne.
Maktaba hakuifunga yeye. Nauli hakuipandisha yeye.
Walioamua wako London, wamelala,
na majina yao hayakuwa kwenye karatasi.
Fimbo ya mbali haiui nyoka;
watu wa hapa hawaijui methali hiyo
lakini wameshika fimbo iliyokuwa karibu,
na aliyekuwa karibu ni Maureen.

Zimepishana kura thelathini na nane.
Aliyeshinda ni Kieran Ashworth, fundi wa mapaa,
hana chama, hana hotuba,
ana simu inayoita mfukoni na hajui kama ni adabu kuizima.
"Eee," akasema kwenye kipaza sauti. "Asanteni. Sikutegemea."
Wakampigia makofi zaidi ya alivyostahili,
au si yeye waliyekuwa wakimpigia.

Kwenye televisheni ya ukutani, bila sauti,
waziri anafungua na kufunga mdomo.
Maandishi yanapita chini: *Tumesikia. Tunasikiliza.*
Mfagiaji akainua rimoti, akazima.

Nje kunanyesha ile mvua yao isiyo na haraka.
Maureen akanikuta kizingitini.
"Mlihesabu vizuri?"
"Mara mbili."
"Haya." Akatafuta funguo. "Unakwenda upande gani?"
Nikamwambia: Hollin Bank, juu kabisa.
"Na utafikaje?"
Sikumjibu. Alijua.

Akanipa lifti.
Viti vya nyuma vimejaa vipeperushi vyenye sura yake,
amecheka, ana miaka kumi pungufu.
Tukapita kituo cha basi, kioo kimevunjwa,
ratiba ya mwaka juzi bado imebandikwa.
Penye kona ya kanisa, gari likatumbukia shimoni,
shimo ambalo kila mtu wa huku analikwepa gizani,
na vipeperushi vikamwagika
mpaka miguuni petu.

Hakuna aliyeinama kuviokota.