Saa Tisa Kasorobo, Chumba cha Juu

Kwenye beji wameniandika "Garciete".
Nimeivaa hivyo hivyo. Jina lililokosewa
angalau halitoki jasho kwapani.

Bergen inanyesha tangu juzi.
Ukumbini, macho ya watu hushukia kifuani kwanza:
jina, chuo,
kisha hupanda, hupita juu ya bega langu
kumtafuta mwenye jina zito.

Zamu yangu. Dakika kumi na tano, watu sita:
mmoja fundi wa projekta,
mmoja mkimbia mvua,
wawili wanangoja zamu zao, midomo ikijisomea.
Nasema: viwanda vidogo vya vizibo, kaskazini mwa Ureno.
Nasema: urithi wa biashara, sampuli arobaini na moja.
Sisemi kwamba kiwanda namba kumi na saba
ni cha baba,
kwamba msumeno ulibaki na kidole chake,
kwamba pale penye "hakuna mrithi"
niliweka alama mimi mwenyewe
na kalamu haikutetemeka.

Profesa Ødegård anainua mkono.
"Si swali, ni maoni tu,"
na maoni yanakula dakika nne.
Naitikia kwa kichwa
kama mtu anayedungwa sindano na kuambiwa haiumi.

Chumba kimebaki viti.
Fundi anakunja waya kiwikoni, taratibu.
"Samahani," anasema,
"huyo wa kumi na saba, mbona hajafunga?"

Slaidi zimeshazimwa.
Namwambia.
Kahawa tunaikosa wote wawili.