Hapana Neno

Siku ya mazishi ya mama, kule Hexham,
majirani walimpima baba kwa neno moja.
Bi Threlkeld alilitamka akipangusa makombo ya keki mapajani,
kasisi akalirudia, akitikisa kichwa:
neno lile lile lililochapwa kwenye kadi
inayosimamishwa juu ya meza ya mkahawa
kumwambia mgeni, Usikae hapa,
yuko mtu anakuja.

Kiingereza chetu kibahili, hutumia kibakuli kimoja
kwa chumvi na kwa sukari.
Kiti kilichowekewa mtu,
mchezaji wa akiba anayepasha misuli mvuani,
kinamasi walichotengewa ndege,
na mwanamume asiyelia mbele za watu:
neno moja.

Baba hujenga kuta za mawe bila saruji.
Hulipima jiwe kwa jicho, huliweka, haligusi tena.
Walipompa pole alisema,
"Mvua itakatika mchana."
Usiku nikamsikia akizipiga kiwi buti za mama,
ya kulia, ya kushoto,
kisha akazirudisha mlangoni, ncha zikitazama nje.

Kila Jumanne, meza ya dirishani.
Chai mbili, skonzi moja.
Kikombe cha pili hupoa taratibu
wala hakiondolewi. Avril anajua. Kadi husimama.

Machi, Avril akalazwa kwa ajili ya goti.
Msichana mpya akailaza kadi kaunta,
akawakalisha waendesha baiskeli wawili,
matope hadi kwenye vicheko.
Baba alisimama, kofia mkononi.
"Samahani, kuna tatizo?"
"Hapana neno."

Nilikuwa nyuma yake. Niliiona shingo tu:
iliwiva kutoka ukosi hadi masikioni,
halafu ikarudi rangi yake.
Msiba wote niliogawiwa kuuona ni huo.

Husemwa akiba haiozi.
Sijui. Sijawahi kufunguliwa ghala.

Jana nikitafuta funguo katika koti lake
nikaikuta kadi,
imelowa, imekauka, imelowa tena,
herufi zimevimba.
Nikairudisha.

Nikamimina chai. Mkono ulinizidi, vikawa vikombe vitatu.
Akavihesabu kwa macho,
akasogeza kimoja kwenye kiti kitupu,
akakizungusha polepole
mpaka kishikio kikaelekea kushoto.

Mama alikuwa mashoto.