Wageni wa Ujiji

Siku ya tatu yule wa manjano hali.
Tumbo limemvimba, kinyesi cheupe
kama uzi wa cherehani,
amejibanza nyuma ya jiwe, anahema.

Nimepima maji: hayana neno.
Nimeyapunguza, nimeongeza mapya, nimetia chumvi.
Nimezunguka Ruwi nzima juani
kutafuta vidonge vya amiba,
vilevile wanavyomeza watu,
nikavisaga kwa mgongo wa kijiko.

Saa nane usiku, kiyoyozi kinanguruma,
nikamkuta Bi Zuwena juu ya kigoda
anamega chapati, anadondosha majini.

"Wa ziwani kwetu hawa.
Mgeni wa Ujiji alale njaa, na mimi nipo?"

Kumbe.

Nikamwambia, "Bibi, wamefunga."

Akajifuta samli kwenye kanga.
"Si ungesema! Haya, tungoje adhana."